Sina la Kulalamika

Lairg, Sutherland
6 Novemba 2022

Kwa Shangazi Avril,

Habari za Whinley? Mimi huku juu Skotlandi nipo, nakanyaga tope tangu asubuhi mpaka giza, na giza lenyewe siku hizi linaingia kabla hatujamaliza chai ya mchana. Nyonga ya jirani yako Beryl ikoje? Mwambie nilimwota anacheza dansi na viatu vyekundu.

Wiki nzima nimekuwa nikipiga simu ya nyumbani kwako. Inatoa mlio mmoja mrefu, basi. Simu yangu nayo bondeni hapa hainasi mtandao mpaka nipande kilimani, na huko upepo unakuondolea maneno mdomoni. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeikimbia shule. Wamekukatia simu?

Kazi yetu ni minara ya umeme. Kundi letu linachimba misingi na kumwaga zege, halafu wanakuja mafundi wa kupanda juu kufunga nyaya. Vilima vyote vimejaa mapangaboi makubwa ya kufua umeme wa upepo, yanazunguka usiku na mchana, na umeme wake unapita kwenye minara yetu kwenda kusini. Unapita juu ya bati la kibanda ninacholala. Ndani ya kibanda hicho hita imefungwa kwa kufuli, inawaka saa wanazotaka wao. Bado nikiingia navua koti, kama ulivyonifunza, ili nikitoka niione kazi yake. Wenzangu wananiona mwehu.

Msimamizi wetu anaitwa Murdo. Kila asubuhi anatupanga mstari na kumuuliza kila mtu kwa jina: "Glen, una nini leo?" Ni marufuku kujibu "sijambo." Lazima utaje kitu, goti, buti lililotoboka, hata ugomvi na mkeo. Anasema anayejibu sijambo ndiye wa kumchunga, maana huyo ndiye atakayeanguka. Juzi kijana mmoja wa Glasgow akajibu, "Naumwa na waziri mkuu." Murdo akamuuliza, "Yupi?" maana mwaka huu tuko kwa wa tatu. Tulicheka, lakini kile kicheko kilikuwa kikavu, kila mtu akatazama buti zake.

Sasa niambie. Ile mita ya umeme ya kadi, ya kulipa kwanza, waliyokuja kukuwekea bila kukuuliza, ina kitu ndani? Unawasha joto?

Glen wako


Whinley, Durham
27 Novemba 2022

Glen kipenzi,

Barua yako imechelewa kwa sababu watu wa posta wamegoma, na mimi siwalaumu hata kidogo. Natumaini unakula vizuri na soksi unabadilisha. Beryl amezifurahia salamu zako. Bado yuko kwenye foleni ya hospitali, na amesema hiyo nyonga ikija kutengenezwa ataicheza jenezani.

Simu niliirudisha mwenyewe kwa kampuni. Waliokuwa wakinipigia ni wewe na wauza madirisha, na wauza madirisha ndio wengi.

Usinifikirie nimejifungia. Nimekuwa mtalii. Kwa pasi yangu ya wazee napanda basi bure kuanzia saa tatu na nusu, basi nikishafika kituoni naenda linakoenda. Jumatatu nilikwenda Hexham, Jumanne Darlington, Jumatano Hexham tena. Nakaa kiti cha nyuma, ghorofa ya chini, pale juu ya injini. Dereva mmoja, kijana mwenye ndevu, ananiita Malkia wa Hexham. Narudi jioni nimechoka vizuri, nalala.

Duka la samaki na chipsi la akina Robson limefungwa. Miaka yote ile, babu, baba na mjukuu. Mwenyewe alibandika karatasi mlangoni, hakuandika matusi, ameandika tu asanteni. Ningekuwa mimi ningeandika matusi. Hapana, nisingeandika.

Habari za mita tuache. Sina la kulalamika, wapo wenye hali mbaya kuliko yangu. Krismasi usihangaike na safari, nitakuwa kwa Beryl.

Wako,
Shangazi


Lairg
18 Desemba 2022

Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Mwandiko wangu usiucheke, naandika nimelala kitandani na godoro lenyewe lina mabonde.

Huku habari ya chakula imekuwa ya ajabu. Mpishi wetu wa kambini ameacha kununua nyama ya ng'ombe, anasema bei inampanda kichwani. Wiki nzima ni maharage na viazi, na viazi amevihesabu, najua kwa sababu masufuria yake nayaona yanavyorudi. Redio ya jikoni haizimwi. Nimesikia humo kwamba mbunge wetu amejiuzulu. Amepata kazi nzuri zaidi, eti ya ushauri. Kunishauri mimi hakuwahi. Miaka yote ile nilimwona mara moja tu, amevaa kofia ngumu mpya kabisa, amesimama mbele ya kiwanda ambacho mwaka uliofuata kilifungwa. Sasa tutapigishwa kura tena katikati ya baridi, watu waje kugonga milango wakitabasamu.

Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nikilala nayo inanigeuza. Ninamwaga zege la minara ya kampuni ambayo bei zake zinapanda kila robo ya mwaka, na bungeni wanazomeana kama watoto wa shule ambao mwalimu ametoka nje. Wakimaliza wanakwenda kula, na huko bungeni chakula chao kinapunguzwa bei. Murdo anasema amekataa kujifunza jina la waziri mkuu mpya. "Akifika Pasaka mniambie," anasema.

Krismasi kweli sitakuja. Kuna kazi ya ziada. Lakini Shangazi, Beryl si huenda York kwa binti yake kila Krismasi, tangu mimi nikiwa mtoto?

Glen


Whinley
22 Januari 2023

Glen kipenzi,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshazeeka. Asante kwa ile skafu, naivaa. Paka wa Beryl amekufa, tumemzika chini ya waridi. Basi la Hexham limepunguzwa, sasa mwisho ni saa tisa, nami nimeandika kwa halmashauri kwamba si vizuri. Wamejibu kwamba wamepokea.

Nina hadithi ya kukuchekesha. Nimepata mgeni. Mgombea wa uchaguzi mdogo, Bwana Tristan Pelham-Reeve, kijana mrefu mwenye meno mazuri, na binti mmoja wa kamera nyuma yake. Aligonga, nikamfungulia, akasema, "Samahani mama, nitakuchukulia dakika mbili hapa mlangoni." Nikamwambia mlangoni wanasimama wauza mazulia, ingia ndani.

Nikamtia chumba cha mbele, kile cha wageni. Unajua ninavyokitunza. Akabaki amesimama na koti lake, nikamwambia, "Vua koti, mwanangu, la sivyo ukitoka nje hutaiona kazi yake." Akasita. Nikalishika mwenyewe mabegani, likatoka. Koti zuri, la sufi nzito, mikono yangu ilipotea ndani yake. Nikalitundika ukumbini, nikachemsha chai, nikatoa biskuti za tangawizi zilizokuwa zimebaki.

Aliongea vizuri. Akaniuliza maisha yanakwendaje katika nyakati hizi ngumu. Nikajibu sina la kulalamika. Akasema watu kama mimi ndio uti wa mgongo wa nchi. Halafu akaangalia saa, akasema ana miadi, naomba koti langu tafadhali. Chai hakuimaliza. Binti alitupiga picha tumekaa kwenye kochi.

Nadhani ni mtu mwenye adabu.

Mwandiko wako wa mara ya mwisho nimeuona. Godoro lina mabonde ya namna gani hayo?

Shangazi


Lairg
12 Februari 2023

Shangazi,

Sikusalimii kwa urefu leo, nikianza salamu hasira itapoa na sitaki ipoe.

Beryl amenitumia kipeperushi cha yule mtu wako mwenye adabu. Nyuma yake ameandika kwa penseli, "Nimeona ni haki yako ukione." Kimewekwa kwenye kila mlango wa Whinley. Wewe uko mbele, ukurasa mzima, na chini ya kidevu chako kwa herufi kubwa: "SINA LA KULALAMIKA," Bi Avril Tallentire, mpishi mstaafu wa shule. Halafu pembeni anasema kwamba watu wa kawaida hawataki kelele na migomo, wanataka utulivu, na chama chake kimewaletea.

Nimeibandika picha hiyo ukutani kibandani na kuitazama jioni zote. Umevaa koti, Shangazi. Yeye umemvua lake na wewe umekaa na lako, na skafu yangu, na kofia ya marehemu mumeo, Mjomba Ronnie, ya kwenda mpirani. Ndani ya nyumba. Pembeni ya dirisha ukuta una weusi wa ukungu kama ramani. Na mbele ya mdomo wako kuna moshi. Mwanzoni nilidhani ni mvuke wa chai. Si mvuke wa chai, kikombe kiko mezani. Ni pumzi yako. Walitengeneza meno yake, walitengeneza rangi ya zulia, pumzi yako wakaisahau.

Ndipo nikaelewa Hexham. Mimi mpumbavu nilikuwa nawahadithia wenzangu hapa, shangazi yangu anazunguka nchi kama bibi arusi wa fungate. Unapanda juu ya injini kwa sababu injini ina moto.

Lakini na wewe, Shangazi. Na wewe. Mtu anakuja kukuuliza kwa mdomo wake mwenyewe, nchi nzima inatafuta mtu wa kumfokea uso kwa uso, na amekaa kwenye kochi lako, na wewe unampa biskuti. Umewapa neno hilo bure. Sasa kila mzee wa Whinley anayelala na koti analetewa sura yako mlangoni kuambiwa mbona huyu hana shida.

Waambie kweli. Niambie mimi kweli kwanza.

Glen


Whinley
19 Februari 2023

Glen,

Nimepokea barua yako. Nyumba hii ni yangu na ninachosema ndani yake ni changu. Mgeni hapewi matatizo ya mwenye nyumba pamoja na chai. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyokulea.

Na wewe unayenifundisha kusema kweli: nilikufunza kuandika mimi, kwenye meza ya jikoni hii, nimekushika kidole. Barua yako ya Desemba na hii ya juzi umeziandika kwa mkono wa kushoto. Mtu wa zege anajuaje masufuria ya mpishi yanavyorudi?

Ukishanijibu hilo ndipo tuongee habari za pumzi.

Avril Tallentire


Lairg
26 Februari 2023

Shangazi,

Mkono wangu hauhusiani na uchaguzi. Niko sawa. Nimekuuliza mimi kwanza, tangu Novemba.

Murdo amekiona kipeperushi ukutani kwangu. Alisimama mbele yake, akagusa picha kwa kidole, akaniuliza, "Hiki chumba kina hita?" Nikamwambia sijui, nadhani kinayo. Akasema, "Huyu mama angekuwa kwenye kundi langu nisingemwacha aingie kazini."

Glen


Whinley
10 Machi 2023

Glen mwanangu,

Natumaini uko mzima, na safari hii natumaini kwa maana yake. Beryl ameitwa hospitali hatimaye, mwezi ujao. Robson wa chipsi amepata kazi kwenye ghala la vifurushi, anasimama usiku kucha.

Baada ya barua yako sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nilikukasirikia wewe wiki moja. Halafu siku moja niko kwenye basi, akapanda mzee Cuthbert wa mtaa wa chini, yule aliyekuwa fundi wa reli. Amekaa kiti cha mbele yangu, hakuniona. Akamwambia dereva, "Nipeleke popote." Nikaona mkononi ana kile kipeperushi, amekikunja mara nyingi, anakitia ndani ya kiatu chake kilichotoboka. Sura yangu, Glen. Aliiweka chini ya mguu wake ili asilowe. Nikashuka kituo kilichofuata, nikatembea mpaka nyumbani kwenye mvua, na hapo ndipo hasira ikaacha kuwa yako.

Jumanne wagombea wote waliitwa kwenye ukumbi wa kanisa la Wamethodisti kuulizwa maswali. Nilikwenda. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi, na nusu yao walikuja kwa sababu una joto, hilo nalijua kwa macho. Bwana Pelham-Reeve alinitambua, akanipungia mkono, akawaambia watu, "Huyu hapa rafiki yangu Avril." Watu wakanitazama, na haikuwa kwa upendo. Mama mmoja nyuma yangu akasema ili nisikie, "Haya, huyo asiye na shida."

Mwenyekiti alipoita maswali nikasimama. Usidhani ni ujasiri. Akasema, "Swali kwa ufupi, mama." Nikamwambia ufupi niliutumia wote nyumbani kwangu siku ile, leo nimekuja na urefu.

Nikamwambia yule kijana: Umeandika sina la kulalamika. Ninalo. Nalala jikoni kwenye kiti kwa sababu chumba changu kina ukungu mpaka juu ya kitanda. Taulo limeganda kwa baridi, gumu kama ubao. Siipendi Hexham, sijawahi kuipenda Hexham, hakuna kitu Hexham, naenda kwa sababu basi lina joto, na sasa hilo nalo mmelipunguza. Nimepika chakula cha watoto wa mji huu mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na Krismasi nimekula tosti kwa jirani aliyekuwa York, nimeachiwa ufunguo nilishe paka. Umeme wa kuchemsha chai yako ndio uliokuwa umebaki kwenye mita. Ulipoondoka taa ikazimika, nikakaa gizani nimefurahi, kwa sababu mtu mkubwa alisema asante.

Akaanza kusema, "Bi Avril, lakini wewe mwenyewe uliniambia." Nikamwambia ngoja, sijafika hapo. Mimi nilikudanganya, ni kweli. Ni adabu yangu, nilizaliwa nayo, na nusu ya watu humu ndani wanayo. Lakini wewe nilikuvua koti. Ulikaa kwenye kochi langu ukaanza kutetemeka kikombe mkononi. Uliomba koti lako kabla chai haijapoa, na ilipoa haraka. Uliiona pumzi yako mwenyewe, kijana. Hukudanganywa. Ulijua, ukaenda ukaandika.

Hakuna aliyepiga makofi, Glen. Ningependa kukuambia walipiga. Cuthbert akasimama pale alipokuwa, akasema, "Mimi naitwa Cuthbert Wearmouth, nachoma rafu za vitabu nipate moto." Akakaa. Halafu yule mama wa nyuma yangu akasimama, akasema la kwake. Halafu mwingine. Mwenyekiti alikuwa anasema swali liko wapi, swali liko wapi, na hakuna aliyekuwa na swali. Kila mmoja alitaja jina lake na kitu chake, kama wale wenzako na Murdo. Wagombea wote wanne wakaangalia meza. Kijana wako mwenye meno alichukua koti lake mwenyewe.

Sijui Alhamisi nitampa nani kura. Yule wa chama kingine alinipa kadi yenye namba, akasema nimpigie wakati wowote. Nilipiga kwa simu ya Beryl. Ikajibu mashine.

Hayo niliyoyasema mbele ya watu mia sikukuambia wewe mmoja, na hilo linaniuma kuliko ukungu. Basi nakuambia. Nina baridi, mwanangu. Nimekuwa na baridi tangu Oktoba, na naogopa msimu mwingine kama huu hautaniacha hai.

Sasa wewe. Glen, una nini leo?

Shangazi yako


Lairg
14 Machi 2023

Shangazi,

Mkono wa kulia. Ulivunjika kwenye kifundo mwanzoni mwa Desemba, ndoo ya zege iliyumba. Asubuhi hiyo Murdo hakuwepo, aliyeshika zamu hakuuliza, na mimi nilikuwa nimeshaamka na kidole kimekufa ganzi na sikusema. Wakala anayetuajiri halipi mtu aliyelala, basi wamenitia jikoni, naosha masufuria kwa mkono mmoja. Umeunga vibaya. Kalamu haikai. Unauma usiku, na huuma zaidi nikitazama picha yako.

Barua yako nilimsomea Murdo. Alivua kofia, akaniuliza nafanya nini bado hapa. Nimeshawaambia ofisini wanihesabie changu. Nitakuwa Whinley Ijumaa jioni. Ukuta tutaukwangua, nitatumia kushoto, umeshaona unavyojitahidi. Na Jumatatu tutaenda wote kwenye ofisi za kampuni ya ile mita, tukae pale mapokezi mpaka watutoe, na kila atakayepita nitamwambia nina nini.

Nikigonga fungua tu. Usiniambie nivue koti. Na wewe usivue lako.

Glen